Mbele ya Kupima, Tengeneza Jicho



Umekwisha kuona mupimaji wa parsele akiinama nyuma ya teodoliti? Ni darubini ndogo juu ya miguu mitatu. Ndani yake kuna musaraba wa nyuzi nyembamba sana, sawa na ule wa darubini ya bunduki. Pale musaraba unaangukia, ndipo mupaka utawekwa. Lakini je, musaraba unasema kweli?

Fuata mpango huu:

1. Elekeza darubini kwa mbingu (hapana kwa jua, utapofuka!). Zungusha pete ya upande wa jicho mpaka nyuzi zionekane nyeusi na wazi.

2. Kiisha lenga fito ya mbali. Zungusha pete ingine mpaka fito nayo iwe wazi.

3. Sogeza kichwa kidogo kuume na kushoto. Kama musaraba unatembea juu ya fito, picha ya fito haiko pahali pamoja na nyuzi. Jina lake ni paralaksi. Rudilia namba 1 na 2 mpaka musaraba utulie.

4. Soma pembe. Pindua darubini, izungushe nusu duara, lenga fito ile ile, soma tena. Ondoa digri 180 kwa hesabu ya pili, kisha chukua ya katikati. Kama chombo kilivuta kuume mara ya kwanza, sasa kinavuta kushoto. Makosa mawili yanafutana.

Mutu atauliza: kosa la dakika moja ni kitu gani? Dakika ni sehemu ya 60 ya digri. Kwa metre 100 inaleta santimetre 3 hivi. Kwa kilometre 1, santimetre 29. Kwa kilometre 30, kama walivyolenga wapimaji wa zamani toka mulima mumoja mpaka mwingine, ni karibu metre 9! Hapo mutu anaweza kupoteza nyumba yake.

Sisi wa Ituri tunajua bei ya mupaka mubaya. Vita iliyoanza Djugu mwaka 1999 ilitokea kwa ugomvi wa mashamba. Teodoliti peke yake haileti amani. Lakini mupimaji asiyejaribu jicho lake mbele ya kupiga beko anapanda mbegu ya ugomvi, na watoto wa majirani wawili ndio watakaoivuna.

Basi, hata kwa mikroskopu ya darasani: tengeneza jicho kwanza, kiisha andika.