Kaseja: kipa aliyeimbwa na kuzomewa na watu walewale

Agosti 2003 Simba ilitua Cairo na bao moja tu mkononi, lililopatikana Dar es Salaam. Zamalek walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Langoni mwa Wekundu wa Msimbazi alisimama kijana wa Kigoma mwenye miaka 18, tena mfupi kwa kazi hiyo: Juma Kaseja. Waarabu wakarudisha bao lile, mechi ikaenda kwenye matuta. Kaseja akapangua, Christopher Alex akamaliza kazi, Simba ikapita kwa 3-2.

Watu husahau kwamba kocha wa Simba wakati huo, Mkenya James Siang'a, enzi zake alikuwa kipa wa Harambee Stars. Si ajabu alimwamini kijana ambaye wengine wangempima kwa urefu kwanza.

Tangu matuta yale ya Cairo jina la Kaseja likaenea. Kwenye viwanja vya vumbi vya Mabogini, Moshi, kati ya majaruba ya mpunga na miwa ya TPC, golini alipelekwa mdogo kuliko wote au asiyejua chenga. Lakini mtoto akiruka na kuung'ang'ania mpira, wenzake walimpachika jina moja tu: Kaseja!

Kupendwa huko hakukumtosha Marcio Maximo, Mbrazil aliyeinoa Taifa Stars kuanzia 2006. Alimweka kando na kumtumia Ivo Mapunda, na vijiwe vya kahawa vikagawanyika. Maximo hakurudi nyuma, hata mashabiki walipopiga kelele.

Kilele chake Msimbazi kilikuwa Mei 6, 2012. Simba iliichapa Yanga 5-0, na bao mojawapo alilifunga Kaseja mwenyewe, kwa penalti. Kipa kumfunga mtani! Mwaka uliofuata Simba ikaachana naye, akavuka kwenda Jangwani, kwa Yanga, kwa mara ya pili. Desemba 2013, katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Yanga ikalala 3-1 mbele ya Simba na lawama zote zikamwangukia yeye. Waliomtukana siku ile walikuwa wamemshangilia juzi tu. Kwa mawazo ya mwandishi huyu, hakuna mchezaji wa Tanzania aliyeonja vizuri zaidi utamu na uchungu wa pande zote mbili za Kariakoo.

Wengi walidhani amekwisha. Mwaka 2019, Kaseja akiwa na miaka 34 na akidakia KMC, kocha Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyemjua tangu alipoifundisha klabu hiyo, akamrudisha Stars. Agosti, pale Kasarani, Kenya ikatolewa kwa penalti 4-1 katika kufuzu CHAN. Mwezi uliofuata ikaja zamu ya Burundi, kuwania Kombe la Dunia: sare ya 1-1 Bujumbura, 1-1 tena Dar es Salaam, kisha matuta. Warundi hawakufunga hata moja. Stars ilishinda 3-0, na Uwanja wa Taifa ukaimba jina la mtu ambaye Maximo alimwacha nje zaidi ya miaka kumi nyuma.