Istilahi za Linux katika Kurekodi Sauti

Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, istilahi zilizohitajika zilikuwa za ofisi. Mwenye studio wa Mwanza anayerekodi ngoma za Bujora kwa Ubuntu Studio, mfumo uliotoka mara ya kwanza mwaka 2007, anahitaji nyingine.

“Toleo la awali” halifai kwa mfumo ambao ungali ukijaribiwa, kwani wengi huelewa kuwa ni toleo lililopita. Tunapendekeza “toleo la majaribio”. Hali kadhalika, “kusasisha” kubakie kwa marekebisho ya ndani ya toleo lile lile. Kubadili toleo zima kuitwe “kupandisha toleo”. Ayachanganyaye haya huenda akakuta kadi ya sauti imekuwa bubu, na wapiga ngoma wamekwisha fika.

Gumu zaidi ni jina la muda upitao tangu sauti kuingia katika kompyuta hadi kusikika. “Ucheleweshaji” hudokeza kwamba yupo mcheleweshaji. Sisi twapendelea “ukawio”, kutokana na kukawia. Bafa moja ya sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huleta ukawio wa milisekunde 21 hivi. Ya sampuli 256, milisekunde 5. Ukawio huo na upimwe katika toleo la majaribio, kabla ya kupandisha toleo katika mashine ya kazi.