Mpira Unapovuka Mpaka Kutafuta Soko

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: SOKO na UDHAMINI.

Mkulima wa Iramba akitaka kuuza vitunguu vyake Nairobi kwa mara ya kwanza, hapeleki lori zima. Hupeleka magunia machache, akatazama: Je, wanunuzi wapo? Bei ikoje? Nauli itarudi? Huko ndiko kujaribu soko.

Mpira wa kulipwa nao ni bidhaa. Ligi Kuu ya Uingereza hupata fedha kwa viingilio, kwa kuuza haki za kuonyesha michezo katika televisheni, na kwa makampuni yanayolipa ili majina yao yaandikwe kwenye jezi. Malipo hayo ya makampuni huitwa udhamini. Kila mtazamaji mpya ni mteja mpya, hata akiwa Manyoni au Kiomboi.

Tarehe 13 Julai 2017, Everton, timu ya ligi hiyo, ilicheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Everton ilishinda mabao 2 kwa 1. Kwa nini ilikuja huku? Jezi yake ilikuwa na jina la SportPesa, kampuni ya kubahatisha matokeo ya michezo iliyoanzia Kenya. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilivuka mpaka na kuanza biashara Tanzania. Ikazidhamini Simba, Yanga na Singida United yetu. Ilianzisha pia kombe la timu za Kenya na Tanzania. Mwaka 2018, kombe hilo lilipochezwa Nakuru, Singida United ilishika nafasi ya tatu.

Timu zetu zilipata faida: fedha, safari na mashindano. Lakini fikirini, fedha hizo zilitoka wapi? Kampuni ya kubahatisha hupata faida yake kutoka kwa wanaokosa. Shilingi ya mdhamini ilikuwa kwanza mfukoni mwa mshabiki.

Tena, mfanyabiashara huondoka soko linapoharibika. Mwaka 2019 kampuni hiyo iligombana na Serikali ya Kenya juu ya kodi na leseni. Ikasimamisha kazi zake huko na kuondoa udhamini wake. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Basi, mdhamini apokewe, lakini timu iwe pia na chake: ada za wanachama, viingilio, na hesabu inayosomwa mbele ya wote. Wewe unayejifunza kusoma leo, kesho unaweza kuisoma hesabu hiyo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kujaribu soko ni nini?
2. Mdhamini hupata nini kwa timu?
3. Timu ya kijiji chenu ingepataje fedha zake yenyewe?

Kwaherini mpaka somo lijalo.