Daftari la mkojo: Nilimdanganya daktari, nusura nimeze dawa isiyonihusu

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge. Kwa miaka 11 nimekuwa nikisafiri kati ya Kampala na Busia, takriban kilomita 200, na mara nyingi nakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mwaka jana usingizi uliniisha. Nilikuwa nikiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Kwa kuwa nimevuka miaka 50, nikajua ni tezi dume. Nikaenda kliniki moja hapa Bugolobi, mtaa ninaoishi.

Daktari alinipima mkojo, sukari na tezi dume. Kisha akanipa karatasi na jagi lenye alama za mililita.

"Mzee, kwa siku tatu andika kila unachokunywa na kila unapokojoa, saa ngapi na kiasi gani. Andika hapo hapo, si baadaye."

Siku ya kwanza niliandika mara moja tu, alfajiri. Baada ya hapo basi likaondoka. Nani atabeba jagi la mkojo mbele ya abiria? Siku ya kurudi kliniki, nikiwa kwenye benchi nikisubiri kuitwa, nikajaza siku zote tatu kwa kubahatisha.

Daktari alitazama akacheka. Kila mara mililita 200, na kila mara saa kamili. "Mzee, kibofu chako kina saa ya ukutani?"

Kisha akaacha kucheka. "Kwa karatasi hii ningekuandikia dawa ya kutuliza kibofu. Je, kama kibofu hakina kosa?"

Niliona aibu, ingawa siko peke yangu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walificha vifaa vya kuhisi mwanga ndani ya majalada ya wagonjwa wenye maumivu sugu. Karatasi zilizorudishwa zilionyesha zimejazwa kwa wakati kwa asilimia 90. Vifaa vilisema ni asilimia 11 tu.

Mara ya pili nilikata chupa ya maji, nikaitia alama kwa kalamu kila mililita 100, nikaificha kwenye kavera nyeusi. Niliandika kwenye simu. Niliposahau, niliacha wazi, kwani daktari alisema pengo ni bora kuliko uongo.

Ukweli ukajitokeza. Mchana kutwa nilikojoa mililita 600. Usiku, mililita 1,100. Hata kwa wazee, mkojo wa usiku haupaswi kuvuka theluthi moja ya mkojo wa siku nzima.

Sababu? Kwa kuogopa kutafuta choo njiani, nilikuwa sinywi kitu tangu alfajiri. Nikifika nyumbani nilikunywa maji na chai lita moja na nusu, kisha nikalala.

Sasa nakunywa kidogo kidogo mchana, na napunguza vinywaji saa tatu kabla ya kulala. Naamka mara moja tu.

Wenzangu wa Busia, Malaba na Mutukula, msibane mkojo wala kiu. Nanyi mliorejea nyumbani, daktari wenu mpya hana faili lenu la zamani. Daftari hili litawasemea.

Lakini ukiona damu kwenye mkojo, au ukishindwa kabisa kukojoa, usingoje daftari. Kimbia hospitali.