Kuuza Gari "Kama Lilivyo" Ilhali Breki Zina Aibu



Oktoba 2010 kampuni ya Toyota ilitangaza kuyarejesha kwa matengenezo magari yapatayo milioni 1.5, mengi yakiwa Marekani na Japani. Sababu mojawapo ilikuwa mpira wa masta silinda ya breki, ambao uliweza kuvujisha mafuta kidogo kidogo hata breki zikalegea.

Tangazo la namna hiyo humfikia mmiliki aliyeandikishwa huko. Gari likiuzwa mtumba, likavushwa hadi Dar es Salaam kisha Mafia, barua haifuatani nalo. Anayelinunua Kirongwe ili awapeleke wanawe Kilindoni hana habari. Je, aliyemuuzia akijua?

Ni haramu kunyamaza. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikagusa unyevu, akamkemea mwenyewe kwa kutokiweka juu kilicholowa, watu wakakiona. Wengi hudhani kusema "nakuuzia kama lilivyo" kwawatoa lawamani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, sharti hilo humwokoa muuza mnyama tu, tena kwa aibu ya ndani asiyoijua. Gari si mnyama! Mnunuzi anayo khiyari ya kulirudisha, ila asikawie akishajua. Hata fundi aliyeiona kasoro, japo si muuzaji, imemlazimu kumweleza mnunuzi.

Watengenezaji wa Japani huwezesha namba ya chasisi kukaguliwa katika tovuti zao. Muuzaji na aikague kabla hajapokea fedha.