Falsafa Mbele ya Kifo (3): Vugha Baada ya Kimweri

Juma lililopita tulimwacha Sokrate gerezani Athens, mwaka 399 K.K., akiwaeleza rafiki zake kwa nini haogopi kikombe cha sumu. Lake lilikuwa swali la mtu mmoja: roho yangu itakwenda wapi? Leo tupande Usambara, ambako wenye busara walikikabili kifo kwa swali jingine kabisa. Mfalme akifa, mvua itanyesha?

Kusini mwa mji wa Lushoto ndiko Vugha, makao ya wafalme wa Wasambaa wa ukoo wa Kilindi. Kimweri ye Nyumbai alitawala hapo miaka mingi. Mgeni wake wa mwaka 1848, mmisionari Krapf, alikuwa amemzika mkewe na mtoto mchanga Mombasa miaka minne nyuma, akajiliwaza kwa tumaini la ufufuo. Tumaini la wenyeji wake lilikuwa hapahapa duniani: mfalme mmoja mwenye nguvu huiponya nchi na mvua hunyesha, bali wakuu wakigombana nchi huharibika na njaa huingia. Ndiyo maana kifo cha mfalme kilifichwa mpaka mrithi awe tayari. Wako watakaoita ufichaji huo udanganyifu. Mimi naona humo huruma iliyofikiriwa sana, kwani nchi ilipoharibika, mnyonge ndiye aliyewekwa rehani au kuuzwa.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na hakukubali. Vita vikazuka, na watu wengi wakateremshwa pwani utumwani. Utaratibu uliotunzwa kwa vizazi haukufua dafu mbele ya baruti.

Je, fikra zenyewe nazo zilikufa? Hapana. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kuzungumza na wazee wa Usambara, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi wakulima walivyozitumia tena katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kulima kwa matuta. Hawakuishia kulalamikia uchovu wa jembe. Waliwapima machifu waliosimamia amri ile kwa kipimo kilekile cha enzi ya Kimweri: huyu anaiponya nchi, au anaiharibu?