Beringi ya Pampu: Soma Namba Kabla ya Kwenda Dukani

Pampu ya kijiji chetu ililia mwezi mzima kabla ya kusimama. Sote tuliisikia. Tukasema, aa, ni uzee tu. Iliposimama, akina mama walirudi mtoni na ndoo zao.

Iliyokufa ni beringi. Kama umewahi kufungua gurudumu la baiskeli, unazijua gololi. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na gololi katikati. Pete ya ndani hushika shafti. Pete ya nje hutulia. Gololi zikikosa grisi, au maji yakiingia, huanza kusagika. Hapo ndipo kelele hutoka. Zima mashine, shika shafti, itikise juu na chini. Ikicheza, usingoje.

Sisi tulipima beringi ya zamani kwa rula: upana wa nje milimita 62. Tukaandika kwenye karatasi, tukamtuma kijana mjini. Akaleta beringi mpya ya 62. Pampuni iliingia vizuri kabisa. Lakini shafti ilipita katikati ikibaki na nafasi! Tundu lilikuwa milimita 30, na shafti yetu ni 25. Nauli ilikwisha, na siku nne zilipita bila maji.

Mzee mmoja akatuuliza, "Jamani, namba yake mmeisoma?" Tukaifuta ile ya zamani kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kumbe namba ilikuwapo muda wote, imechorwa ubavuni: 6305-2RS. Tuliyoletewa ilikuwa 6206.

Namba hizo husomwa hivi. Ile 6 ya mwanzo ni aina: beringi ya gololi za mstari mmoja. Tarakimu ya pili ni unene wa umbo. Ya 3 ni nene na kubwa kuliko ya 2, hata kama tundu ni moja. Tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, utapata tundu. 05 mara 5 ni 25. 06 mara 5 ni 30. Hesabu hii huanzia 04. Chini ya hapo ni tofauti: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17.

Herufi nazo zina kazi. 2RS ni mpira pande zote mbili. ZZ ni bati pande zote mbili. Ukiona C3, maana yake gololi zimeachiwa nafasi zaidi kidogo kwa ajili ya joto. Basi nunua ya C3 vilevile.

Namba ikiwa imefutika, pima vitu vitatu, si kimoja kama sisi: tundu, upana wa nje na unene. Yetu ni 25, 62 na 17. Na beba ile ya zamani mfukoni.

Si lazima utafute duka la pampu. Namba hiyohiyo hutumika kwenye mota na mashine nyingine nyingi, hivyo duka lolote la beringi laweza kuwa nayo. Angalia jina na namba kwenye boksi, kisha kwenye chuma chenyewe. Zisipolingana, mrudishie. Bandia ni nyingi, na bei ndogo mno itutie shaka.

Usifungue karatasi yake mpaka saa ya kufunga. Wakati wa kuiingiza kwenye shafti, gonga pete ya ndani tu, kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo. Ukigonga ya nje, gololi zitaumia kabla hata hujawasha. Na ile ya mpira pande mbili ina grisi yake tayari kutoka kiwandani, usiibandue kuongeza.

Kabla ya kufunga yetu, fundi alibadili pia mpira wa kuzuia maji kwenye shafti. Ndio uliokuwa umevuja ukaiua beringi. Namba 6305-2RS tumeiandika kwa rangi ukutani mwa kibanda cha pampu, pamoja na tarehe.